Daftari, dodoso, programu au saa: kipi kinafaa kufuatilia hali ya moyo?

Mtu akitaka kufuatilia hali yake ya moyo, yaani furaha, huzuni na wasiwasi wake, mara nyingi jambo la kwanza ni kutafuta programu ya simu yenye sura nzuri. Afadhali aanze na swali: ninataka kujua nini? Vipimo hivi havijibu swali moja. Kuna kinachoonyesha kinachokupandisha na kinachokushusha ndani ya siku. Kuna kinachoonyesha kama umekuwa ukididimia wiki hadi wiki. Na kuna kinachopima mwili tu, ingawa kwenye kioo chake kimeandikwa kwamba kinapima mfadhaiko. Ukichukua kisichoendana na swali lako, utajaza namba miezi mitatu na mwishoni ubaki na mchoro usiokuambia lolote.

| Njia | Muda | Inachoonyesha | Inapoharibikia |
|---|---|---|---|
| Alama ya siku kwenye daftari | Dakika 1 kila siku | Kupanda na kushuka kwa siku na wiki | Kujaza siku zilizopita kwa kukisia |
| Dodoso la WHO-5 | Dakika 2, kila wiki 2 | Ustawi kwa jumla | Haisemi sababu |
| Dodoso la PHQ-9 | Dakika 5, kila wiki 2 hadi 4 | Dalili za sonona, yaani huzuni nzito ya kiugonjwa | Ugonjwa wa mwili unaweza kupandisha alama |
| Kengele za simu mchana kutwa | Dakika 1 au 2 kila inapolia, kwa wiki 1 | Hisia kulingana na mahali, shughuli na watu | Inachosha, watu huanza kuipuuza |
| Kuipitia jana kipande kwa kipande | Nusu saa hadi saa nzima | Sehemu za siku zinazokuchosha au kukujaza | Ni ndefu mno kwa kila siku |
| Saa janja | Hujazi chochote | Usingizi, mwendo, mapigo ya moyo | Haijui unahisi nini |

Kwa nini usitegemee kumbukumbu tu

Mwulize mtu wiki yake ilikuwaje na atakujibu kwa kutumia mambo mawili: tukio lililomgusa kuliko yote, na hali aliyonayo wakati unamwuliza. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walionyesha jambo hili katika miaka ya 1990: tunapokumbuka jambo lililotuumiza au kutufurahisha, kilele chake na mwisho wake hubeba uzito mkubwa, na urefu wake karibu usihesabiwe. Ndiyo maana mtu aliyegombana na mwenzake Ijumaa jioni atasema wiki nzima ilikuwa mbaya, hata kama Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa mzima kabisa. Upande wa pili upo pia. Anayeona daktari katika siku yake nzuri anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba hana shida, ilhali siku kumi kabla ya hapo alikuwa hatoki kitandani.

Kila njia hapa chini ni namna ya kupunguza kosa hilo. Zinatofautiana katika gharama ya muda na katika makosa mapya zinayoyaleta.

Alama ya siku: daftari na kalamu

Kwa watu wazima wengi hii ndiyo njia tunayoipendekeza, mradi iwekwe sawa tangu siku ya kwanza. Mizani ya 0 hadi 10 inatosha. Kosa kubwa ni kuziacha namba zikielea, kiasi kwamba 6 ya leo siyo 6 ya mwezi ujao. Kabla hujaanza, andika ndani ya jalada la daftari maana ya namba tatu kwa maneno yako mwenyewe. Kwa mfano:

2: nimeamka kwa shida, sikutaka kuongea na mtu, hata kujibu ujumbe mmoja kumenishinda.
5: nimefanya yaliyonipasa, sikufurahi hasa wala sikuumia.
8: nimecheka, nilikuwa na hamu ya kufanya jambo, nimeifikiria kesho bila hofu.

Maelezo yawe ya mambo uliyofanya au uliyoshindwa kufanya. "Vibaya sana" hubadilika maana kadiri unavyozoea kuwa vibaya, lakini "sikujibu ujumbe" hakibadiliki. Kila baada ya wiki chache yasome tena kabla ya kuandika alama.

Namba moja ina upungufu wake. Mtu aliyetulia na mtu aliyechangamka wote wako vizuri. Aliyezama kwenye huzuni na anayetetemeka kwa wasiwasi wote wako vibaya, lakini wanahitaji msaada tofauti. Mwaka 1980 mwanasaikolojia James Russell alieleza hisia kwa pande mbili, uzuri na msisimko, na mwaka 1989 yeye na wenzake wakatoa kipimo cha miraba 9 kwa 9 ambamo mtu anatia alama moja tu na kujibu pande zote mbili kwa pamoja. Unaweza kuuchora mraba huo mwenyewe: kushoto vibaya, kulia vizuri, chini mwili umelala, juu mwili umeamka. Ukiona huo mchoro una usumbufu, andika namba mbili, moja ya moyo na moja ya nguvu.

Ongeza saa ulizolala usiku uliopita na maneno yasiyozidi kumi kuhusu siku yenyewe. Hapo simama. Ukitaka kuweka safu ya chakula, mazoezi, maji, hali ya hewa, saa za simu na kiwango cha shukrani, ukurasa wa kwanza utapendeza na wa tatu utakuwa mtupu.

Saa ya kujaza iwe ileile kila siku, na uifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kama kuosha vyombo vya jioni. Usingoje uwe kitandani taa imezimwa, kwa sababu uchovu wenyewe utaivuta alama chini na utakuwa unapima usingizi. Kuna watu, hasa wenye sonona, ambao asubuhi huwa nzito kuliko jioni. Kama wewe ni mmoja wao, weka alama mbili, ya asubuhi na ya jioni, kila moja kwenye safu yake, na usizichanganye kwenye wastani mmoja.

Sasa jambo linaloharibu daftari nyingi. Siku ikipita bila kujazwa, weka kistari na uendelee. Usijaze jana leo. Mwaka 2002 Arthur Stone na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la BMJ utafiti ambao kila anayetumia daftari anapaswa kuujua. Watu wenye maumivu ya muda mrefu walipewa shajara za karatasi ndani ya majalada yaliyofichwa kihisio cha mwanga, ili ijulikane shajara ilifunguliwa lini. Kwa mujibu wa karatasi zao, walikuwa wamejaza kwa wakati asilimia 90 ya nafasi zote. Kihisio kilionyesha asilimia 11. Siku nyingine shajara haikufunguliwa kabisa lakini ilirudi imejaa. Waliopewa kifaa cha kielektroniki kinacholia na kutunza saa walifikia asilimia 94. Hawakuwa watu wabaya. Mtu mzima yeyote aliyeshika karatasi yenye mistari mitupu hujisikia ana deni. Kwa hiyo jifutie deni hilo mapema. Siku tano zilizojazwa kwa wakati ndani ya wiki zina thamani kuliko saba ambazo mbili zake ni za kubuni.

Kuzisoma namba ulizoandika

Wengi hukimbilia wastani. Tazama wiki hizi mbili:

Wiki ya kwanza: 6, 6, 5, 6, 2, 6, 7
Wiki ya pili: 5, 6, 5, 6, 5, 5, 6

Zote zinajumlika 38, kwa hiyo wastani ni 5.4 kwa kila moja. Lakini ya kwanza ni wiki nzuri iliyovunjwa na siku moja ngumu, na ya pili ni wiki tambarare isiyo na furaha wala maumivu. Ukizipanga kwa ukubwa na kuchukua namba ya katikati utapata 6 kwa ya kwanza na 5 kwa ya pili. Andika vitu vitatu kila mwisho wa wiki: namba ya katikati, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Hiyo 2 ya wiki ya kwanza isome pamoja na maneno yake kumi, ndipo ujue kama ni msiba, homa, au usiku wa saa tatu za usingizi.

Linganisha wiki nzima na wiki nzima. Siku za kazi na siku za mapumziko huwa na sura tofauti kwa watu wengi, kwa hiyo ukilinganisha siku kumi na siku kumi, upande mmoja unaweza kubeba mapumziko mengi kuliko mwingine. Ukitaka kujua kama jambo fulani linakusaidia, mathalani kutembea nusu saa kila asubuhi, chukua siku 14 kabla ya kubadilisha chochote, kisha siku 14 za kutembea bila kugusa kitu kingine. Ukianza kutembea, ukaacha kahawa na ukabadilisha saa ya kulala wiki ileile, hutajua ni kipi kilichofanya kazi. Na ukumbuke mwelekeo: pengine hukufurahi kwa sababu ulitembea, bali ulitembea kwa sababu uliamka vizuri. Ndiyo maana kutembea kuwe kwa ratiba, hata siku usiyojisikia.

Dawa za sonona nyingi huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu kamili, kwa hiyo kwao siku 14 ni chache. Na mwanamke anayehisi kwamba moyo wake hubadilika kabla ya hedhi ajaze kila siku kwa mizunguko miwili kamili angalau, huku akitia alama siku ya kwanza ya hedhi. Wataalamu hawathibitishi aina kali ya tatizo hilo kwa kumbukumbu ya mdomo; wanahitaji rekodi ya kila siku ya mizunguko isiyopungua miwili.

Madodoso: WHO-5 na PHQ-9

Daftari linakuambia wiki ilivyokwenda kwa mizani yako. Dodoso linakuweka kwenye mizani ambayo na mwingine anaijua, daktari akiwemo.

WHO-5 ni la mwaka 1998, la Shirika la Afya Duniani, lenye sentensi tano zote zikiuliza yaliyo mema: umechangamka na kuwa na furaha, umetulia, umejisikia mwenye nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, na siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia. Kila sentensi unaipa 0 hadi 5 kwa wiki mbili zilizopita, unajumlisha, kisha unazidisha kwa 4 ili upate alama kati ya 0 na 100. Mtu aliyejibu 3, 2, 3, 1, 2 ana 11, sawa na 44. Akirudia wiki mbili baadaye na kupata 4, 3, 3, 2, 2, ana 14, sawa na 56. Tofauti ya alama 10 au zaidi ndiyo huchukuliwa kuwa badiliko la kweli, kwa hiyo huyu amepanda. Alama 50 kwenda chini ni ishara ya kufanya uchunguzi zaidi wa sonona; 28 kwenda chini ni ishara nzito.

Uzuri wa WHO-5 ni kwamba haimkumbushi mtu maumivu kila anapolijaza, kwa hiyo linafaa hata kwa asiye mgonjwa. Sentensi ya kuamka ukiwa umepumzika itamshusha mzazi wa mtoto mchanga na mfanyakazi wa zamu za usiku. Hao waangalie sentensi nne zilizobaki kabla ya kuogopa jumla.

PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, linauliza dalili tisa za sonona, kila moja 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27. Mipaka yake ni 5 kwa dalili nyepesi, 10 kwa za kati, 15 kwa za kati zinazoelekea kuwa kali, na 20 kwa kali. Badiliko la alama 5 huhesabiwa kuwa na maana katika matibabu. Kwa kuwa linauliza kuhusu usingizi, uchovu na hamu ya kula, mjamzito au mtu mwenye ugonjwa wa muda mrefu anaweza kufika 8 au 9 bila kuwa na sonona. Namba peke yake haimtambulishi mgonjwa. Anayetambua ni mtaalamu aliyezungumza naye.

Swali la tisa linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya 0 lisiachwe kwenye karatasi, hata kama jumla ni ndogo. Siku hiyohiyo mwambie mtu unayemwamini na uzungumze na mhudumu wa afya. Mawazo yakiwa na mpango au hatari iko karibu, nenda sehemu ya dharura na usibaki peke yako.

Kosa la kawaida kwa madodoso yote mawili ni kuyajaza kila siku. Yote yanauliza wiki mbili, kwa hiyo jibu la leo na la kesho yanashiriki siku 13. Utapata mstari ulionyooka na udhani hakuna kinachobadilika. Weka tarehe mbili kwa mwezi na uzishike.

Kengele za mchana na kuipitia jana

Njia ya kengele ilianza miaka ya 1970, pale mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi na wenzake walipowapa watu vifaa vinavyolia bila taratibu mchana kutwa, na kila vikilia mtu anaandika anafanya nini na anahisi nini. Leo simu inatosha. Gawanya saa unazokuwa macho katika vipande vitano, na ndani ya kila kipande weka kengele kwa dakika usiyoitarajia. Kukiwa na saa moja maalumu, mwili utaizoea na utaanza kujitayarisha. Maswali manne tu: niko wapi, niko na nani, nafanya nini, moyo 0 hadi 10. Ukiwa unaendesha gari au mashine, kengele hiyo ipite.

Hii ndiyo njia inayofichua mambo ambayo mtu mwenyewe hakuyajua, kama kwamba saa za kuperuzi simu, anazoziita za kupumzika, zina alama za chini kuliko kazi yenyewe. Lakini ifanye kwa siku 7 na uache. Ukiendelea, utaanza kuruka kengele, na kwa kawaida zinazorukwa ni zile zilizolia ukiwa umebanwa au umeudhika, kwa hiyo rekodi itakuonyesha mzima kuliko ulivyo.

Asiyeweza kukatizwa kazini achukue njia ambayo Kahneman na wenzake waliichapisha mwaka 2004: asubuhi unaigawa jana katika vipande kama sura za hadithi, kila kimoja na saa ya kuanza na kuisha, kisha unakipa kila kipande alama zake. Mara moja kwa wiki inatosha.

Programu na saa janja

Programu ina faida moja ya kweli juu ya daftari: inatunza saa uliyojaza, kwa hiyo huwezi kujidanganya. Kabla ya kuichagua, jaribu mambo haya siku ya kwanza. Je, unaweza kutoa data zako zote kama faili la jedwali? Kama haiwezekani, siku programu ikifungwa umepoteza rekodi. Je, inafanya kazi bila intaneti, ina nywila yake, na unaweza kufuta akaunti pamoja na kilichomo? Masharti yake yanaruhusu data kupelekwa kwa watangazaji? Hali ya moyo ni taarifa ya afya, na usiitoe kwa kubadilishana na rangi nzuri. Tazama pia kama inahesabu siku mfululizo na kukupa zawadi. Hiyo inakusukuma kujaza chochote ili mnyororo usikatike, na tatizo lilelile la shajara za karatasi linarudi kwa mlango mwingine. Zima kipengele hicho, na kama hakizimiki tafuta programu nyingine. Vikaragosi vitano vya uso ni vichache kuliko mizani ya 0 hadi 10, na mtu hukwama kwenye cha katikati.

Saa janja husoma mwendo, mapigo ya moyo na tofauti ndogo za muda kati ya pigo na pigo, kisha hutoa namba inayoitwa mfadhaiko. Mapigo hayajui kama umepanda ngazi, umekunywa pombe, una homa, au umepokea habari njema. Usiiweke namba hiyo kwenye daftari. Muda wa kulala na saa ya kulala inazikadiria vizuri zaidi kuliko hatua za usingizi, na hapo ndipo ina thamani. Kwa mwenye ugonjwa wa hisia mseto (bipolar, wa kubadilika kati ya uchangamfu wa kupita kiasi na huzuni nzito), kulala saa chache kwa siku kadhaa bila kuhisi uchovu ni dalili ya kumpigia daktari wake hata kama anajisikia vizuri kupita kawaida. Na kwa hakika hasa akijisikia hivyo.

Uchaguzi wetu

Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa uliotambuliwa: alama ya siku kwa wiki nane, na WHO-5 tarehe mbili za kila mwezi. Aliye kwenye matibabu ya sonona aweke PHQ-9 mahali pa WHO-5, kwa ratiba aliyokubaliana na mtaalamu wake. Anayehisi amechoka na hajui kwa nini aanze na wiki ya kengele, kisha ahamie kwenye alama ya siku. Saa janja iwe ya usingizi tu.

Wapo ambao kufuatilia kunawaumiza. Ukijikuta unaitazama grafu mara nyingi kwa siku, au unajichunguza kila dakika kama umeshuka, au alama zinapungua tangu ulipoanza kuandika, acha ya kila siku na ubaki na WHO-5 peke yake.

Ukienda kwa daktari, usimpelekee daftari zima. Andaa ukurasa mmoja: alama za madodoso na tarehe zake, namba ya katikati, ya chini na ya juu kwa kila wiki, wastani wa saa za usingizi, na mistari miwili au mitatu ya mambo yaliyobadilika, kama dawa mpya, msiba au zamu za kazi. Siku mbovu kuliko zote nakili maneno yake kumi kama ulivyoyaandika siku hiyo.